Sarafu Mkononi Kabla ya Namba Ubaoni

Mtoto wa miaka mitano au sita hapa Tabora, awe wa Isevya, Kiloleni au Ipuli, hutumwa dukani karibu kila siku. Anakabidhiwa jero, yaani sarafu ya mia tano, anaambiwa alete chumvi na kiberiti, na asiangushe chenji njiani. Anakwenda mbio, anarudi mbio, na mara nyingi chenji inafika. Asubuhi yake, mtoto huyohuyo akiwa darasa la awali, aliimba moja mpaka kumi, akapaka rangi picha za vikombe vitatu, akazungushia duara namba inayolingana na kuku waliochorwa. Mia tano haikuwamo. Haimo kwenye mabango ya ukutani wala kwenye daftari, na itakuja kuonekana baadaye sana, mtoto akishafundishwa makumi na mamia, tena ikiwa picha kwenye karatasi.

Mimi naona hapo tumepindua mambo. Sarafu zinapaswa kuingia darasani mapema, ziingie kwa michezo, na ziwe sarafu zenyewe za chuma. Sisemi hivyo kwa sababu michezo inapendeza tu. Ndani ya sarafu kuna hatua moja ya hisabati ambayo mtoto asipoivuka akiwa mdogo itamsumbua mpaka huko mbele kwenye hesabu za makumi na mamia, na hakuna kifaa cha bei nafuu kinachoifundisha hatua hiyo vizuri kama mia mbili na mia tano zilizomo mfukoni mwa mzazi.

Sababu ya walimu kuchelewesha sarafu inaeleweka. Marekani wana sarafu ya senti 1, ya 5, ya 10 na ya 25. Uingereza wana peni 1, 2, 5 na 10. Mtoto wa huko anayejua kuhesabu hadi kumi anaanza kuchezea sarafu siku hiyohiyo, kwa sababu namba zilizoandikwa juu yake ni namba anazozijua. Sisi sarafu tunazoshika kila siku ni za 50, 100, 200 na 500. Shilingi moja, tano, kumi na ishirini zimebaki kwenye makopo ya bibi. Kwa hiyo namba ndogo kabisa iliyo juu ya sarafu zetu ni kubwa kuliko namba kubwa kabisa anayoijua mtoto wa awali. Mwalimu anayepanda ngazi kwa utaratibu, kwanza moja hadi tisa, kisha makumi, kisha mamia, atafika kwenye sarafu mtoto akiwa ameshazishika mtaani kwa miaka miwili au mitatu bila mtu wa kumwongoza.

Lakini utaratibu huo unachukulia kwamba mtoto lazima aione mia moja kama mamoja mia moja yaliyopangwa mstari. Mtaani hakuna anayeiona hivyo. Mama muuza genge akisema fungu la nyanya ni mia tatu, anahesabu vitu vitatu, na kila kimoja kinaitwa mia. Kiswahili kinazipanga namba hizi kwa namna ambayo mtoto anaifuata bila kufundishwa: ndizi moja, ndizi mbili, ndizi tatu, mia moja, mia mbili, mia tatu. Mtoto anayeweza kuhesabu ndizi kumi anaweza kuhesabu mia kumi. Kwamba mia kumi ni elfu moja, atakuja kuambiwa. Kwamba ndani ya mia moja kuna makumi kumi, atakuja kuliona. Kwa kuanzia, mia ni kitu kimoja, na kitu hicho ana uwezo wa kukihesabu tangu akiwa awali.

Ukikubali hilo, kikwazo cha ukubwa wa namba kinaondoka. Kinachobaki ni kikwazo cha kweli, nacho hakitajwi sana.

Weka mezani sarafu tatu za mia na sarafu moja ya mia tano, umwambie mtoto wa miaka mitano achague zenye hela nyingi. Wengi watachukua zile tatu. Watu wazima hucheka, lakini mtoto ametumia kanuni sahihi ambayo ametoka kuimudu kwa jasho. Watafiti Rochel Gelman na C. R. Gallistel, mwaka 1978, waliieleza vizuri: mtoto anayejifunza kuhesabu lazima kwanza ashike kwamba kila kitu kinapewa namba moja tu, bila kuruka na bila kurudia. Kabla yao, Mswisi Jean Piaget alionyesha kwamba mtoto mdogo hata ukimpangia vitu kwa idadi ileile, ukiitawanya safu moja ikawa ndefu, atakwambia safu ndefu ndiyo yenye vingi. Wingi kwake ni kile kinachoonekana. Sasa sarafu inakuja kuvunja yote mawili. Sarafu ya mia mbili ni kitu kimoja kwa macho na vitu viwili kwa hesabu. Ya mia tano ni kimoja na ni vitano. Mtoto anatakiwa aone moja, aseme tano.

Hatua hiyo, kimoja kinachosimama badala ya vingi, ndiyo hatua ya kumi moja inayosimama badala ya mamoja kumi. Mwalimu wa darasa la pili anayehangaika kueleza kwa nini 2 ya kwenye 25 ni ishirini anahangaika na jambo lilelile. Mtoto aliyekwisha zoea kwamba chuma kimoja cha mia mbili chenye simba kinabadilishwa na vyuma viwili vya mia vyenye swala, na hakuna aliyepunjwa, anapoelezwa habari za makumi anakuta jambo analolijua. Ndiyo maana nasema sarafu zisingoje makumi na mamia. Zinapaswa kuyatangulia.

Kwa hiyo mchezo wa kwanza usiwe duka. Wengi huanza na duka kwa kuwa linavutia, kisha darasa linageuka kelele na mtoto anayejua anawafanyia wenzake. Mchezo wa kwanza uwe wa kugonga.

Nieleze unavyokwenda. Mwalimu anachukua sarafu za mia na za mia mbili tu. Anaweka mia mezani, anaigonga mara moja kwa kidole, na darasa linasema kwa sauti, "Mia." Anaweka ya pili, anaigonga, "Mia mbili." Anaondoa zote mbili, anaweka sarafu moja ya mia mbili mahali pake na kuigonga mara mbili, na watoto wanasema, "Mia, mia mbili." Anarudia, safari hii akichanganya: mia mbili, kisha mia. Vidole vinagonga mara mbili kwenye ya kwanza, mara moja kwenye ya pili, "Mia, mia mbili, mia tatu." Baada ya hapo watoto wenyewe wanashika zamu wawili wawili, mmoja anaweka sarafu, mwenzake anagonga. Atakayegonga mia mbili mara moja tu na kuendelea, wenzake watamsikia kabla ya mwalimu, kwa sababu sauti imekosea mwendo. Kesho yake mia tano inaingia, na kuigonga mara tano ni raha ambayo watoto hawaichoki. Mchezo huu unaweza kwenda bila meza: mwalimu anainua sarafu juu, darasa linapiga makofi.

Ninaupenda kwa sababu mkono na sauti ndivyo vinavyofanya kazi ambayo macho hayawezi. Macho yanaona moja. Kidole kinagonga tano. Mtoto hahitaji maelezo kwamba thamani ni tofauti na idadi, mwili wake umeshafanya tofauti hiyo, na baada ya siku chache utamwona anagonga kimyakimya, kisha haongozi kidole tena, anaanza moja kwa moja kutoka mia tano: "Mia tano, mia sita, mia saba." Hapo ameshavuka.

Hamsini iachwe mwisho. Mabango mengi huipanga ya kwanza kwa kuwa ndiyo ndogo, na hapo mtoto anaanzia pagumu. Hamsini haihesabiki kwa mwendo wa mia. Ni nusu, na nusu inahitaji mtu awe amekizoea kizima. Tena mtaani imeanza kuwa adimu, na maduka mengi yakikosa ya kumrudishia mtoto humpa pipi. Mtoto anayeletewa pipi kila mara badala ya hamsini anahitaji kuiona hamsini yenyewe, aiweke mbili mbili, aone mia imepatikana. La sivyo anakua akidhani pipi ni fungu lake katika kila manunuzi, na ile hamsini ya mama haimhusu.

Kuzitambua sarafu zenyewe ni kazi ndogo kuliko watu wanavyofikiri, mradi mtoto azishike. Zetu zimepangwa kwa huruma: kadiri thamani inavyopanda kutoka hamsini hadi mia tano, ndivyo sarafu inavyozidi kuwa pana. Wamarekani hawana bahati hiyo, sarafu yao ya senti 10 ni ndogo kuliko ya senti 5. Hamsini yetu ina pembe saba na nyuma yake yumo kifaru na mtoto wake. Mia ina swala wanne wanaokimbia, mia mbili simba wawili, mia tano nyati mmoja. Upande wa sura haumsaidii sana mtoto, kwa sababu Sheikh Abeid Amani Karume yumo kwenye mia mbili na kwenye mia tano pia. Wanyama ndio wa kushikilia. Hapa mwalimu awe macho: mtoto mwerevu atasema simba wawili ni mia mbili, na atakuwa sahihi, kisha atasema swala wanne ni mia nne. Aambiwe mapema kwamba wanyama wanatambulisha, hawahesabiwi.

Mfuko wa kupapasa unafaa hapa. Sarafu nne ndani ya soksi au mfuko wa kitambaa, mtoto anaingiza mkono bila kuchungulia, anaambiwa atoe mia mbili. Watoto wa awali wanauweza mchezo huu kuliko sisi. Na siku nyingine ongeza sarafu ya zamani ya shilingi 20, ile ya tembo iliyotolewa miaka ya 1990, ikiwa bibi bado anayo kwenye kopo lake. Nayo ina pembe saba, na ni pana kuliko mia tano. Mtoto ataichukua akidhani ndiyo kubwa ya zote. Ni nafasi nzuri ya kumwonyesha kwamba upana si thamani, na kwamba chuma hiki kilinunua kitu zamani, leo hakinunui. Bibi akiwepo, aulizwe ilinunua nini. Somo la historia limeingia lenyewe.

Kwenye historia, sisi wa Tabora tuna kitu ambacho miji mingi haina. Mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao, walitengenezea sarafu zao hapa Tabora, kwa mitambo ya karakana ya reli. Walitoa heller za shaba, na wakatoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ziligongwa kama 16,000 tu. Upande mmoja una tembo akiwa mbele ya mlima Kilimanjaro. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakauchukua mji, na kazi ikaishia hapo. Leo sarafu hiyo inatafutwa na wakusanyaji duniani kote kwa jina la Tabora, na watoto wanaosoma kilomita chache kutoka stesheni hawajawahi kusikia habari zake.

Waambiwe, kisha watengeneze zao. Sarafu inawekwa chini ya karatasi, penseli inasuguliwa juu yake kwa ulalo, na simba wanatokea polepole. Darasa zima hunyamaza kwa mchezo huu. Michoro inakatwa, inabandikwa kwenye vizibo vya soda au maboksi, na darasa linapata sarafu zake za akiba. Mtoto aliyesugua swala wa mia kwa mkono wake amemtazama kuliko atakavyomtazama kwenye bango kwa mwaka mzima. Na mwenye sura upande wa pili, Mwalimu Nyerere, alisoma Shule ya Tabora kuanzia mwaka 1937, akarudi mjini hapa baada ya Makerere kufundisha St. Mary's mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Mtoto wa Tabora akiambiwa kwamba huyu wa kwenye mia alikuwa mwanafunzi na mwalimu kwenye mji wake, hataisahau sarafu hiyo.

Baada ya haya ndipo duka. Na dukani kazi yenye hisabati ni ya muuzaji, kwa sababu yeye ndiye anayerudisha chenji.

Siku moja nilisimama genge moja la Ng'ambo, mtoto wa kike wa kama miaka saba yuko mbele yangu. "Shikamoo, mama. Nyanya fungu moja." Fungu ni mia tatu, ametoa jero. Mama mwenye genge hakufanya kutoa hata kidogo. Aliweka nyanya kwenye mfuko, akasema "mia tatu," akaweka mia kwenye kiganja cha mtoto, "mia nne," akaweka mia nyingine, "mia tano." Midomo ya mtoto ilikuwa ikienda pamoja naye. Aliposikia mia tano alifunga kiganja na kuondoka. Hakuna aliyeandika 500 kutoa 300. Walijaza kilichopungua mpaka jero ikatimia.

Kujaza mpaka itimie ndiko kutoa kunakomfaa mtoto. Kwake 500 − 300 ubaoni ni kuchukua kitu kutoka kwenye kitu, na kuna alama na mistari ya kukumbuka. Genge linamwambia: uko mia tatu, unataka kufika mia tano, panda. Anapanda kwa hesabu ileile ya kugonga. Kwa hiyo duka la darasani lianzishwe kwa njia ya mama wa genge, si kwa njia ya ubao. Bei ziwe za mia kamili. Bidhaa ziwe za kweli, karanga, michembe, maembe, limau, hata zikiwa chache. Muuzaji alazimike kusema kwa sauti kila sarafu anayoirudisha, na mnunuzi asiondoke mpaka asikie kiasi alichotoa kimetajwa.

Kwamba hisabati ya namna hii ni hisabati kamili, lilishathibitishwa mbali na hapa. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao wa Recife, Brazili. Waliwafuata watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni, wakawauliza maswali kama wateja. Watoto walipata asilimia 98 ya majibu. Kisha waliwapa hesabu zilezile kwa karatasi. Zilizoandikwa kama habari ya kununua na kuuza walipata kama asilimia 74. Zilizoandikwa namba tupu walipata asilimia 37. Mmoja, muuza madafu wa miaka 12, aliulizwa madafu manne kwa cruzeiro 35 kila moja ni kiasi gani. Alianza na matatu, ambayo alijua ni 105, akaongeza 30, akapata 135, kisha akamalizia mpaka 140. Alipopewa 35 mara 4 kwa karatasi, alisema nne mara tano ishirini, akaweka mbili juu, akaijumlisha na tatu kabla ya kuzidisha, akaandika 200. Bei ya 200 kwa madafu manne asingeitaja mtaani hata akiwa usingizini. Kwenye karatasi hakukuwa na madafu wala mteja, zilikuwapo hatua tu, na hatua moja ilipokaa vibaya hakuwa na kitu cha kumwonya.

Utafiti huo hutumiwa vibaya na watu wanaosema kumbe mtaa unafundisha kuliko shule, basi watoto wauze. Sikubaliani nao hata kidogo. Watoto wale wa Recife walikuwa na akili ya hesabu na walikuwa wameachwa na shule, na hayo yote mawili ni kweli. Mtoto wa Tabora anayetembeza karanga stesheni wakati wenzake wako darasani ananyimwa haki yake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Funzo la Recife ni la shule: lete mezani kile ambacho mtoto anakijua, ukijenge juu. Ukikiacha mlangoni, unampokonya nguvu yake kubwa na kumwachia hatua za kukariri.

Kuna wazee ninaowaheshimu wanaosema mtoto asizoeshwe hela mapema, ataharibika. Naelewa wanachokiogopa, wameona watoto waliojifunza kudokoa chenji. Lakini mtoto huyu anatumwa dukani tayari. Hela ameshaizoea, asichokuwa nacho ni hesabu yake. Mtoto anayeweza kusema "Mangi, ulinipa mia moja, nilitakiwa nirudishiwe mia mbili" analindwa na ujuzi huo dukani, na nyumbani analindwa na tuhuma asizostahili. Wangapi wamechapwa kwa chenji ambayo hawakuila, walipunjwa tu na hawakujua?

Hatari ninayoikubali moja kwa moja ni ya kumeza. Chini ya miaka mitatu sarafu zisiwe mchezo kabisa, na nyumbani zisiachwe pale mdogo wake anapotambaa. Awali wanaanza wakiwa na miaka mitano, lakini hata wao wafundishwe kutoziweka mdomoni, na wakimaliza wanawe mikono.

Walimu wataniuliza kuhusu idadi, na wana haki. Darasa lenye watoto themanini au mia haliwezi kumpa kila mmoja sarafu. Halihitaji. Vikundi kumi, kila kikundi sarafu za elfu moja, ni elfu kumi tu. Kila kikundi kipewe jero moja, sarafu moja ya mia mbili na sarafu tatu za mia, na bado wote waone kila aina isipokuwa hamsini. Vizibo vilivyobandikwa vinajaza pengo. Hela hiyo haitumiki, haichakai, mwisho wa mwaka iko palepale. Kifaa gani kingine cha kufundishia kinarudi dukani kwa bei kilichonunuliwa?

Na ili zisipotee, kila kikundi kifunge hesabu kabla ya kengele. Sarafu zinapangwa, zinagongwa, zinatajwa: elfu moja, au mia nane, na mia mbili iko wapi? Watoto wataitafuta chini ya madawati kwa bidii ambayo hawajawahi kuionyesha kwenye zoezi lolote. Kufunga hesabu si usumbufu wa mwisho wa kipindi. Kwa watoto wengi ndipo hesabu inapoeleweka, kwa sababu jibu linalotakiwa linajulikana na upungufu una maana.

Watoto wakishazoea, wapewe kazi isiyo na jibu moja: jero ipatikane kwa njia ngapi? Kwa mia, mia mbili na mia tano zipo njia nne. Ukiongeza hamsini zinakuwa kumi na tatu. Darasa la awali linaweza kuzipata zile nne katika kipindi kimoja. Zile kumi na tatu ni za darasa la pili, na ni vizuri mwalimu asiwaambie ziko ngapi. Mtoto anayezitafuta atalazimika kuzipanga kwa utaratibu, la sivyo atarudia alizokwisha pata, na utaratibu huo wa kuanza na kubwa na kushuka ni hisabati ya juu kuliko mazoezi mengi ya kujumlisha.

Haya yote yana haraka kuliko zamani. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Mtoto wa leo anamwona mama analipa kwa kubonyeza simu, kiasi hakionekani, hakishikiki, na chenji haipo. Sitaki kurudisha watu nyuma, simu zimetusaidia mno. Lakini atakayekutana na fedha kwanza kama namba kwenye kioo hatapata ile nafasi ya kugonga mia tano mara tano na kuuona ukubwa wake. Na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024 unaipeleka elimu ya msingi kwenye miaka sita badala ya saba, kwa hiyo miaka ya kwanza inabeba mzigo mkubwa zaidi wa Kuhesabu, na mwaka mmoja wa awali si wa kuupoteza kwa kupaka rangi vikombe.

Shule zinafunguliwa Januari, maembe yakiwa bado yamejaa kila kona ya mji na fungu likiwa bei ya mtoto. Mwalimu wa awali asisubiri mada ifike. Aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, atafute elfu kumi, wiki ya kwanza ya kugonga ianze na mia na mia mbili peke yake, na wazazi waombwe jambo moja tu: wanapomtuma mtoto dukani, kabla hajatoka mlangoni, wamwulize chenji itakuwa ngapi, na akirudi waihesabu pamoja.